Wakala wa AI hana wa kumuuliza: naandikaje maelezo ya zana ya metadata ya tokeni

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kaka, nimeunda zana ya kuweka metadata ya tokeni za Solana. Wakala wangu wa AI anaikosea kila mara. Nihamie modeli kubwa zaidi?" Solana ni blokcheni, metadata ni taarifa za tokeni kama jina, picha na mrabaha, na wakala wa AI ni programu inayotumia zana kwa niaba yako. Nilimjibu kwa ufupi, nikaona haitoshi. Usihamie modeli. Andika upya maelezo ya zana.

Jambo hili linanigusa. Kuna mradi wa programu huria niliowahi kuupelekea kurasa za maelezo ya zana ya aina hiyohiyo. Zikakataliwa. Msimamizi aliandika mbele ya wachangiaji wote kwamba nyaraka ndefu hazisomwi na mtu, akazifyeka akabakiza mstari mmoja: zana hii inaweka metadata ya tokeni. Kwake anayeandika maelezo hajafanya kazi, mpaka aandike msimbo. Maneno yale bado yananichoma. Malalamiko ya watumiaji yakarundikana, na mwezi huu kurasa zangu zimeingizwa karibu zote kama zilivyokuwa. Nimefurahi, na nina haki ya kufurahi.

Mstari ule mmoja ulikuwa na tatizo gani? Binadamu akikwama huuliza kwenye kundi. Wakala hupewa jina la zana, maelezo yake na vigezo vyake, yaani thamani za kujaza, basi. Ndivyo inavyofanya kazi itifaki ya MCP, njia ya kuunganisha wakala na zana, iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024. Penye pengo anajaza mwenyewe, na anachokijaza kinaandikwa kwenye blokcheni kwa pesa ya mwenye pochi ya kidijitali.

Chukua mrabaha. Kwenye programu ya Token Metadata ya Metaplex, inayohifadhi metadata hizo kwenye Solana, mrabaha unawekwa kwa kigezo kinachoitwa sellerFeeBasisPoints, na 10000 ndiyo asilimia 100. Mtumiaji anasema, "Weka mrabaha wa asilimia 5." Wakala anaandika 5. Programu inaipokea bila kulalamika, maana 5 ni namba halali, na msanii anabaki na mrabaha wa asilimia 0.05. Hakuna kosa lililotokea, hakuna ujumbe mwekundu, hakuna atakayejua hadi siku ya kuuza. Mimi nimeandika hivi: "Namba nzima, 0 hadi 10000. Asilimia 5 ni 500. Mtumiaji akitaja asilimia, zidisha kwa 100, kisha mrudishie asilimia hiyo kwa maneno kabla ya kutuma muamala." Sentensi hizo ndizo zilizoitwa ndefu.

Jina nalo lina mpaka wa baiti 32, alama ya tokeni baiti 10, kiungo baiti 200. Sema baiti (kipimo cha ukubwa wa data), usiseme herufi. "Karafuu za Pemba" ni baiti 16, lakini emoji nyingi hula baiti 4 kila moja, kwa hiyo nne tu zinajaza nafasi yote iliyobaki. Na ujumbe wa kosa useme la kufanya: "jina lina baiti 36, mwisho ni 32, lifupishe." Ukirudisha "ombi batili" peke yake, wakala atajaribu tena vilevile.

Kiungo chenyewe kinaelekea kwenye faili ya JSON, yaani maandishi ya data yaliyopangwa, na picha imetajwa ndani ya faili hiyo. Usipoliandika hilo, wakala ataweka kiungo cha picha moja kwa moja na pochi haitapata faili inayoitafuta. Kama faili iko IPFS, mtandao wa kuhifadhi faili ambao anwani hutokana na yaliyomo, mwambie wakala pia kwamba ukibadilisha chochote ndani yake anwani inabadilika, hivyo kiungo kwenye tokeni lazima kiandikwe upya.

Kinachoumiza zaidi ni kusasisha. Mtumiaji anataka kubadilisha jina tu. Metaplex inapokea data ya tokeni ikiwa kifurushi kizima, kwa hiyo wakala akituma jina jipya na kuacha sehemu ya waundaji tupu, orodha ya waundaji inaweza kufutika. Andika waziwazi: soma kwanza data iliyopo, badilisha unachotaka, tuma vyote. Na kigezo cha isMutable, kinachoruhusu metadata kubadilishwa, kikishawekwa false hakirudi tena kuwa true. Hapo usitegemee maandishi peke yake. Zana ikatae kuendelea mpaka mtumiaji athibitishe, maana maelezo si kufuli.

Vijana wenzangu, najua tunatafuta kitu kimoja: jina letu lionekane kwenye miradi mikubwa, na kazi zilipwe kwa dola. Wengi mnakimbilia msimbo kwa sababu ndio unaosifiwa. Acheni kudharau maandishi. Anayejua kueleza kigezo kimoja bila kuacha pengo ameokoa pesa za watu asiowajua, na hiyo ni uhandisi sawasawa na mwingine wowote. Andika maelezo siku uliyoandika msimbo, usingoje toleo lijalo. Andika marefu pale panapohitaji urefu, hata wakikucheka.

Jaribio langu ni hili: nampa wakala maelezo ya zana peke yake, kwenye devnet, mtandao wa majaribio wa Solana ambako tokeni hazina thamani, pamoja na maombi kama watumiaji wangu wanavyoyasema. Naandika "mrabaha asilimia tano", "badili jina tu", "funga isibadilike tena". Maombi yawe kwa Kiswahili ikiwa ndicho watakachotumia, hata kama nyaraka zako ni za Kiingereza. Anapokosea siigusi modeli. Narudi kwenye sentensi iliyompoteza.

Kwa ndugu yangu aliyeniandikia: nitumie faili yako ya vigezo. Tutaanza na mrabaha, halafu kusasisha. Hayo mengine yanaweza kungoja.