Jibu: Saa za Radio 4 siku ya Jumapili

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza mbona vipindi vya Jumapili vya BBC Radio 4 vilikuwa vikikufikia saa saba mchana na sasa vinakuja saa sita. Ni saa ya Uingereza hiyo. Jumapili ya mwisho ya Machi huisogeza mbele, tukabaki tunawazidi kwa saa 2 tu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba huirudisha, zikawa 3 tena.

Usikose Desert Island Discs, kipo tangu 1942. Mgeni hujiona yuko peke yake kisiwani, achague nyimbo 8, kitabu kimoja na kitu kimoja cha starehe.

Ila kinachonikaa moyoni mimi ni utabiri wao wa bahari, Shipping Forecast. Maeneo 31 hutajwa moja moja kwa mpangilio ule ule, kuanzia Viking: upepo, hali ya hewa, umbali wa kuona. Hapa Lamu nausikiliza barazani na mjomba wangu, nahodha mstaafu. Kiingereza hakimpandi, lakini nikimtafsiria "kusini-magharibi, nguvu 8", yaani upepo mkali sana, huweka kikombe cha kahawa chini, akaelekeza macho upande wa kijiji cha Shela: "Wasitweke tanga hao."