Ozzie Smith aliingiaje Ukumbi wa Magwiji?

Ndugu, umeuliza mtu aliyevusha mpira nje ya uzio mara 28 tu kwa misimu 19 alistahilije Ukumbi wa Magwiji wa besiboli. Jibu ni mikono yake. Smith alikuwa shotistopu, yule anayelinda kati ya kituo cha pili na cha tatu, panapopita mipira mingi mikali ya chini. Alitwaa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, miaka 13 mfululizo, 1980 hadi 1992! Halafu mwaka 1985, timu yake ya St. Louis ikiwania ubingwa wa Ligi ya Taifa dhidi ya timu ya Dodgers, akavusha mpira ulioipa ushindi mechi moja, akipiga kwa mkono wa kushoto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aingie ligi kuu. Kwa ulinzi, mimi simwoni wa kumfikia.