Mahakama ya Biashara: kasi ipo, ila ina mwisho wake
Ndugu, umeuliza kama Mahakama ya Biashara inaharakisha kesi kweli au ni jina tu. Inaharakisha. Divisheni hiyo ya Mahakama Kuu ya Tanzania ipo tangu 1999, na kanuni zake za 2012 zinataka shauri liishe ndani ya miezi 10, lisizidi 12. Kinachookoa muda hasa, kwa maoni yangu, ni ushahidi mkuu, yaani maelezo ya shahidi kwa upande uliomwita, kuwasilishwa mapema kwa maandishi. Siku ya kusikilizwa, wakili wa upande wa pili anaingia moja kwa moja kwenye maswali ya dodoso, yaani kumhoji shahidi huyo ili kupima ushahidi wake. Ila rufaa ikienda Mahakama ya Rufani, kikomo hicho hakikusaidii tena. Na kukazia hukumu, yaani kuhakikisha inatekelezwa na unalipwa, ni kazi nyingine kabisa, kwa hiyo chunguza kwanza mdaiwa wako ana mali gani ya kukamatwa.