Jina Lako Limewekwa Nafasi ya Ngapi?

Nilikusanya takwimu miaka miwili na kuandika rasimu ya kwanza. Makala imetoka, mimi ni wa tano katika orodha ya waandishi. Mkuu wa idara, ambaye sikumwona akisoma hata ukurasa mmoja, ndiye wa mwisho, nafasi ya kiongozi. Nifanyeje?

Dada, umedhulumiwa. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba (ICMJE) imeweka masharti manne ya kuitwa mwandishi: uwe umechangia kwa uzito katika kubuni utafiti, kupata takwimu au kuzichambua, uwe umeandika au kuhakiki maandishi, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Yote manne, si moja wala mawili. Cheo hakimo. Kutafuta fedha peke yake hakumo.

Kusanya rasimu zenye tarehe na barua pepe zote. Anza na mwandishi anayeshughulikia mawasiliano na jarida, kisha nenda kwenye ofisi ya maadili ya taasisi yako. Usitegemee mhariri aamue ugomvi huu. Kwa kawaida ataurudisha kwenye taasisi. Na safari ijayo mpangilio wa majina uandikwe kabla ya mgonjwa wa kwanza kusajiliwa. Naandika hili kila mara na bado barua ni zilezile: tuliaminiana, hatukuandikiana.

Mwandishi wa kwanza na wa mwisho wana tofauti gani?

Nimeshajibu. Katika tiba, wa kwanza ndiye aliyebeba kazi, wa mwisho ndiye kiongozi. Tafadhali someni majibu yaliyopita kabla ya kuuliza.

Wanawake wamejaa vyuo vya udaktari. Suala la wanawake kukosa nafasi ya kwanza na ya mwisho kwenye makala si limekwisha?

Halijakwisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulipitia majarida sita makubwa ya Marekani. Wanawake walikuwa asilimia 5.9 ya waandishi wa kwanza mwaka 1970, wakafika asilimia 29.3 mwaka 2004. Nafasi ya mwisho, ile ya kiongozi, walitoka asilimia 3.7 hadi 19.3 tu. Uchunguzi mwingine wa majarida sita yenye hadhi ya juu ulikuta waandishi wa kwanza wanawake wakipanda kutoka asilimia 27 mwaka 1994 hadi 37 mwaka 2014, na miaka ya mwishoni kasi ilikwama. Kujaa darasani hakumfikishi mtu mwishoni mwa orodha. Anayegawa fedha, maabara na majina ndiye anayeamua, naye mara nyingi bado ni mwanamume.

Tumwongeze mwenzetu mwanamke ili orodha ipendeze?

Kama hakufanya kazi, hapana. Hilo ni jina la zawadi, na mnamdhalilisha.

Taasisi ya nchi tajiri inataka sampuli na takwimu zetu. Imetuahidi kutajwa kwenye shukrani. Tukubali?

Msikubali. Huo ni utafiti wa parachuti: mtu anatua, anachota, anaondoka. Mwaka 2022 jarida la The Lancet lilitangaza kwamba litakataa makala zenye takwimu kutoka Afrika zisizowatambua washirika wa Kiafrika, kwa hiyo mna pa kusimamia. Kwenye mkataba andikeni nani atakuwa wa kwanza na wa mwisho, takwimu zitakaa wapi, na nani wenu atafundishwa uchambuzi. Hapo kwenye uchambuzi ndipo mnapoibiwa, maana asiyechambua husukumwa katikati ya orodha. Na mkishapata nafasi hizo, msizigawe kwa wazee wa idara peke yao. Mtafiti mwanamke wa taasisi ndogo hubanwa mara mbili, na wageni halafu na wenyeji wake.

Nahesabu waandishi wanawake kwa programu inayokisia jinsia kwa jina la kwanza. Inatosha kwa tasnifu yangu?

Haitoshi peke yake. Majina ya Kichina yakiandikwa kwa herufi za Kilatini huishinda, na kifupi kama "J." hakisemi chochote. Pale inapowezekana waulize waandishi wenyewe. Pasipowezekana, taja wazi ni majina mangapi hayakutambulika na yanatoka nchi zipi, kwa sababu ukiyatupa kimyakimya unawafuta walewale unaodai kuwahesabu.