Fomula ninazo, ila sijui niishike ipi: jibu kwa mwanafunzi wa takwimu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uhasibu mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Tanga. Somo la takwimu linanitesa. Mwalimu akifanya mfano ubaoni naelewa kila hatua, na nikirudi geto nikapitia daftari naona kabisa kwamba najua. Ikija testi, nalitazama swali na sijui nianze na fomula ipi. Testi ya kwanza nimepata 11 kati ya 30. Nakariri fomula usiku, asubuhi zimeyeyuka. Mtihani wa mwisho uko wiki sita mbele. Nisomeje? Halafu, kidato cha nne nilipata D ya hesabu. Je, ni kweli kwamba mtu kama mimi takwimu haziwezi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri, na maelezo yako yamenirahisishia kazi. Hukusema hujui kukokotoa. Umesema hujui uanze na fomula ipi. Hizo ni shida mbili tofauti, na wanafunzi wengi ninaowafundisha huhangaika kutwa na ile ambayo hawana.

Fikiria zoezi mnalopewa darasani. Mada ikiwa jaribio la t (njia ya kupima wastani), maswali yote kumi ni ya jaribio la t. Ikiwa kai-skwea (njia ya kulinganisha hesabu za watu au vitu kwenye makundi), yote ni kai-skwea. Hapo hakuna anayechagua chochote, kwa sababu kichwa cha mada kimeshakuchagulia. Unachofanya ni kuchomeka namba. Kwenye mtihani kichwa hicho hakipo, na kazi ya kuchagua, ambayo hujawahi kuifanyia mazoezi hata siku moja, ndiyo inayobeba alama.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo waliokuwa wakijifunza kutafuta ujazo wa maumbo manne wasiyoyazoea. Kundi moja lilifanya maswali ya umbo moja yote, kisha likahamia umbo jingine. Kundi la pili lilipewa maswali yaliyochanganywa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilipata asilimia 89, la pili 60. Baada ya wiki moja wote wakapewa mtihani: kundi la kwanza likaanguka hadi asilimia 20, la pili likabaki kwenye 63. Zitazame vizuri namba hizo. Waliojisikia wanajua ndio walioanguka, na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba ukipitia daftari "unaona kabisa kwamba unajua".

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuyachanganya maswali. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita na mazoezi yote mliyopewa, nakili kila swali kwenye kipande chake cha karatasi bila kuandika limetoka mada gani, kisha yachanganye. Chukua moja. Usikokotoe. Jiulize kwanza: kilichopimwa hapa ni kipimo, kama kilo au shilingi, au ni hesabu ya watu walioangukia kundi hili na lile? Makundi ni mangapi? Ni watu wale wale waliopimwa mara mbili, au ni watu tofauti? Mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) umepewa kuwa ni wa kundi zima, au umepatikana kwenye sampuli, yaani sehemu ndogo iliyochaguliwa? Swali linataka kujua tofauti, uhusiano, au kadirio tu? Andika majibu kwa maneno yako, taja njia utakayotumia na kwa nini, kisha chukua karatasi nyingine. Ndani ya saa moja unaweza kupitia maswali mengi sana kwa mtindo huu, kwa sababu hukokotoi.

Tufanye pamoja machache ya hapa hapa kwetu. Bei ya kilo ya samaki aina ya changu imeandikwa kwa siku kadhaa soko la Mgandini na kwa siku nyingine kadhaa Makorora: vipimo, makundi mawili yasiyohusiana, kwa hiyo jaribio la t la sampuli mbili. Bei hizo hizo zikiandikwa kwa siku zile zile kwenye masoko yote mawili, kila siku ni jozi. Unatoa bei moja kwenye nyingine na kubaki na safu moja ya tofauti, ambayo unaifanyia jaribio la t la sampuli moja. Ona jinsi sentensi moja ndogo ilivyobadilisha njia. Wanaume na wanawake wameulizwa kama wana akaunti ya benki au hawana: hakuna kipimo, kuna hesabu kwenye makundi, kwa hiyo kai-skwea. Umri wa mchungwa kule Muheza na idadi ya machungwa yanayochumwa: namba mbili kwa kila mti, uhusiano, kwa hiyo rigresheni (njia ya kuona namba moja inavyobadilika nyingine ikibadilika). Kuhusu kundi zima na sampuli, kumbuka Sensa ya 2022. Ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, na hiyo ni hesabu ya kundi zima. Ukiwauliza wenzako 60 wa chuoni kwako, hao ni sampuli, na kila unachosema kuhusu wanafunzi wote ni kadirio.

Sasa nataka tukae na swali moja kwa undani, maana ndani yake zimo karibu makosa yote yanayowaangusha wanafunzi. Tuseme ghala moja linapokea marobota ya mkonge, na kila robota linatakiwa liwe na kilo 250. Mkaguzi anapima marobota 25 aliyoyachagua kwa bahati nasibu. Wastani unatoka kilo 248, mkengeuko sanifu wa sampuli kilo 5. Je, wastani wa marobota ya ghala hilo ni tofauti na kilo 250, kwa kiwango cha asilimia 5 (yaani tunakubali hatari ya asilimia 5 ya kusema kuna tofauti wakati haipo)?

Kundi moja, kipimo, mkengeuko umetoka kwenye sampuli: ni jaribio la t la sampuli moja. Unachukua 248, unatoa 250, unapata hasi 2. Unagawa kwa nini? Wengi hugawa kwa 5, wanapata hasi 0.4, na hapo swali limekufa. Ile 5 inaeleza robota moja linavyotofautiana na lingine. Swali letu linahusu wastani wa marobota 25, na wastani hauyumbi kama robota moja linavyoyumba, kwa sababu mazito na mepesi yanafidiana. Kuyumba kwa wastani ni 5 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 25, yaani 5 gawanya kwa 5, yaani 1. Hilo ndilo kosa sanifu. Kwa hiyo t ni hasi 2. Ukielewa kwamba wastani huyumba kidogo zaidi kadiri sampuli inavyokua, fomula hiyo haitayeyuka asubuhi, kwa kuwa utaweza kuijenga upya mwenyewe.

Nenda kwenye jedwali la t. Digrii za uhuru, yaani idadi ya vipimo kutoa 1, ni 24. Swali limesema "tofauti", yaani inaweza kuwa juu au chini, kwa hiyo tunatazama pande mbili: mpaka wa kuvuka ni 2.064. Yetu ni 2 bila kujali alama, haijafika. Hatuna ushahidi wa kutosha kusema wastani ni tofauti na 250. Aliyekimbilia jedwali la z (la pale mkengeuko wa kundi zima unapojulikana) angechukua 1.96 na kutoa jibu la kinyume kabisa. Na kama swali lingeuliza iwapo wastani ni pungufu ya 250, tungetazama upande mmoja, 1.711, na kwa namba zile zile tungelikataa dai la kilo 250. Soma aya hii tena polepole. Namba hazikubadilika. Kilichobadilika ni maneno ya swali. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu wapige mstari chini ya "tofauti", "zaidi" na "pungufu" kabla hawajagusa kikokotoo.

Hiyo 2.064 badala ya 1.96 ina historia inayosaidia kuikumbuka. William Gosset alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, na alilazimika kufanya maamuzi kwa sampuli ndogo sana. Ukiwa na vipimo vichache, hata mkengeuko wenyewe unaukadiria tu, kwa hiyo lazima udai ushahidi mkubwa zaidi kabla ya kusema kuna tofauti. Mwaka 1908 alichapisha kazi hiyo kwa jina la bandia la "Student". Sampuli ikikua, t na z hukaribiana.

Malizia swali hilo kwa njia ya pili, ujikague. Masafa ya kadirio (eneo tunalokadiria wastani halisi umo) kwa asilimia 95 ni 248, jumlisha na toa 2.064 mara 1: kuanzia kilo 245.936 hadi 250.064. Namba 250 imo ndani, kwa kubanwa sana lakini imo. Jibu hili linakubaliana na jaribio la pande mbili. Yasingekubaliana, ungejua umekosea mahali kabla msahihishaji hajakwambia. Na kwenye hitimisho usiandike kwamba umethibitisha wastani ni 250. Hukuthibitisha. Umekosa ushahidi wa kulipinga dai, basi.

Kuhusu kukariri usiku. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma kifungu cha habari na wale waliokifunga wakajaribu kukikumbuka. Wakipimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki, waliojipima ndio walioongoza, tena kwa tofauti kubwa. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka kuhusu mada ya juzi, ndipo ufungue ujisahihishe. Dakika 45 kila siku kwa wiki sita zinashinda kukesha Jumamosi na Jumapili. Kama geto kuna kelele, maktaba ya mkoa ipo.

Diskasheni nazo zitumie kwa uangalifu. Nimeona vikundi vingi ambavyo mmoja anaandika na watano wanatikisa kichwa. Kubalianeni kwamba kila mmoja anachagua njia peke yake kwa dakika chache, anaiandika, ndipo mfunue karatasi na mbishane. Mbishane kwa Kiswahili mpaka ieleweke, kisha kila mtu aandike hitimisho kwa Kiingereza kama litakavyotakiwa kwenye mtihani. Usiache hatua hiyo ya mwisho. Kuna wanaoelewa vizuri na bado wanapoteza alama za sentensi moja.

Kikokotoo chako nacho kijue kabla ya siku ya mtihani. Kwenye sehemu ya takwimu kinatoa mikengeuko miwili, mmoja umegawa kwa n (idadi ya vipimo) na mwingine kwa n kutoa 1. Kwa sampuli unataka wa pili. Na futa data za swali lililopita kwanza.

D ya kidato cha nne isikukatishe tamaa, ila usiipuuze. Hesabu nyingi za somo hili ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawa, kipeo cha pili na kipeuo cha pili. Panapouma ni mpangilio wa mabano na alama za hasi. Tenga siku chache za mwanzo kwa hayo tu.

Kabla ya yote, chukua ile karatasi ya 11 kati ya 30. Pembeni ya kila alama uliyopoteza andika neno moja: kuchagua, kukokotoa, au kutafsiri (yaani kueleza jibu lina maana gani). Ukikuta nyingi ni za kuchagua, endelea kama nilivyokueleza. Ukikuta nyingi ni za kukokotoa, niandikie tena na uniambie ni hatua zipi, maana hapo tutaanzia mahali pengine.