Sista wa kaunta buku, jina lake liko wapi?

*Shikamoo Anti. Mi ni nesi hapa Arusha, wodi ya upasuaji, mwaka wa 9 huu. Kila Mei 12, siku ya wauguzi, tunawasha mishumaa, tunakula kiapo, tunavaa fulana, tunaandamana na tarumbeta, mgeni rasmi anatwambia nyie ndo uti wa mgongo wa hospitali, alafu usiku uleule unarudi wodini mko wawili na wagonjwa arobaini. Sasa nimesikia huko nje kuna manesi wanapewa tuzo kubwa kwa kufanya utafiti nikacheka peke yangu, mana mimi nimewakusanyia watu data hadi kidole kimeota sugu, nimehoji wagonjwa baada ya zamu, siku makala inatoka naambiwa nenda kaisome, naitafuta jina langu hata kwenye shukrani halipo. Hivi nesi mtafiti anaenziwaga kweli au ni stori za kutufariji? Na mimi nifanyeje? – Sista wa naiti, Arusha*

Marahaba mwanangu. Barua yako niliisoma kwenye hiace natoka sokoni Kiboriloni, nikashuka kituo cha mbele, nikarudi kwa miguu huku naiwaza. Mana hata mie nina yangu. Miaka ya nyuma nikiwa wodi ya wazazi, hospitali siitaji, ule mwezi wa 7 ambao baridi ya mlima inaingia hadi kwenye mifupa, nikaona vichanga tunavyoviogesha mara tu vikizaliwa vinapoa haraka kuliko vile ambavyo maji yamekatika vikakosa kuogeshwa. Nikachukua kaunta buku, nikachora mistari, huku walioogeshwa, huku wasioogeshwa, na joto la kila mmoja, wiki 6 nzima. Nikampelekea mkubwa mmoja. Akaipenda kweli, akaisimamia mbele za watu kwenye mkutano na slaidi zake, mi nikaletewa soda. Siku hizi shirika la afya duniani, WHO, wanasema mtoto aachwe masaa 24 ndo aogeshwe, kila nikisikia hivyo nakumbuka ile soda, tena ilikuwa ya moto.

Haya, swali lako. Stori za kutufariji sio, ni kweli wapo. Kuna umoja wa wauguzi Marekani unaitwa Sigma, ulianzishwa 1922 na wanafunzi 6 wa uuguzi chuo kikuu cha Indiana, na tangu 2010 wana orodha yao ya heshima ya wauguzi watafiti wa kimataifa, wanaingizwa wale ambao utafiti wao umefanywa miaka mingi na umebadilisha kazi yenyewe, sio aliyeandika makala moja ya kupandia cheo. Kuna ile ya Aster Guardians pia, inayotolewa na kampuni ya hospitali ya Dubai, dola 250,000, ya kwanza kabisa 2022 alichukua jirani yetu Mkenya, Anna Qabale Duba wa Marsabit. Mwaka uliofuata ikaenda kwa Margaret Shepherd, nesi wa Uingereza, na huyu ndo ninayemtaka mimi kwenye hili jibu. Yeye na wenzake pale Exeter wanashughulika na kisukari kinachotokana na hitilafu ya jeni moja tu, yani kile kinachobeba urithi wa mtu toka kwa wazazi. Watoto waliopata kisukari wakiwa wachanga walikuwa wanachomwa insulini maisha yao yote, kumbe wengi wao wakipimwa jeni ikajulikana ni aina gani wanaweza kuacha sindano wakameza vidonge tu. We hebu fikiria mama aliyezoea kumchoma mwanae kila siku anaambiwa mama leo weka sindano kabatini. Na yeye kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha manesi wenzake wa kisukari wawatambue hao wagonjwa mahali walipo, mana anayemjua mgonjwa ni nani kama sio nesi.

Alafu we uko wodi ya upasuaji, kwaiyo lazima umjue Linda Aiken. Nesi huyo, chuo kikuu cha Pennsylvania. 2002 yeye na wenzake walichukua hospitali 168 za jimbo lao, wagonjwa wa upasuaji zaidi ya laki 2, wakaangalia nesi mmoja anahudumia wangapi. Wakakuta kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya nesi, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Mmoja tu, mwanangu! 2014 wakarudia na nchi 9 za Ulaya, ikaja hiyohiyo 7. Mi ile hesabu nikiiweka kwenye wawili wako na arobaini wako nasikia kizunguzungu, ingawa wodi za kule sio za kwetu na hesabu haihamishwi kama gunia la vitunguu. Ila ona alichofanya, lile lalamiko letu la kila siku, ‘tumezidiwa’, ambalo tukilisema tunaonekana wavivu, yeye kaligeuza namba, na namba mkurugenzi hawezi kuiambia ivumilie.

Ndo mana mi kwa tuzo nafurahi lakini sio sana. Tuzo inakuja mwisho, mtu keshazeeka. Heshima ninayoitaka mimi iko mwanzo kabisa, swali la utafiti limetoka kwa nani. Sisi manesi tunaitwa swali likishaandikwa, tunapewa dodoso tujaze. Nani aliuliza nesi wa naiti anashangaa nini saa 9 usiku?

Sasa la jina. Hapa nitakuudhi kidogo. Majarida mengi ya tiba yanafuata kanuni ya vigezo vinne: uwe umechangia wazo, au data, au uchambuzi wake, uwe umeshiriki kuiandika au kuikosoa kwa maana, uwe umekubali toleo la mwisho, na uwe tayari kuijibia. Vyote vinne kwa pamoja. Kwaiyo kukusanya data peke yake hakukufanyi mwandishi, kunakupa shukrani, na hiyo shukrani walikunyima bure kabisa, hapo wamekukosea. Lakini kanuni hiyohiyo inasema aliyetimiza cha kwanza asinyimwe nafasi ya kutimiza vilivyobaki, yani wasikufiche rasimu alafu waseme hukuandika. Hicho watu wengi hawakijui, au wanakijua wanakaa kimya. Kwaiyo mara nyingine wakija na fomu zao, kabla hujashika kalamu, kikao cha kwanza kabisa uliza kwa upole: mimi hapa naingia kama nani, na rasimu nitaiona lini? Iandikwe. Na kaunta buku lako anza leo, tarehe na saa, usimpe mtu ukabaki huna nakala, hilo nimelijifunza kwa soda.

*Habari Anti. Binti yangu kamaliza form 6, PCB, matokeo mazuri tu, mi nilijua anaenda udokta. Anang'ang'ania digrii ya uuguzi hapa chuo cha hospitali ya KCMC, eti awe nesi mtafiti. Utafiti si wa madokta? Nesi atatafiti nini, presha? – Baba wa binti, Moshi*

Mzee wangu, hata hiyo presha ukiipima vizuri ni utafiti. Yule Florence Nightingale mnayemjua kwa taa tu, 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa kwenye chama cha watakwimu cha Uingereza, mana alichora michoro ikaonyesha askari wa vita ya Crimea wengi wanakufa kwa magonjwa ya uchafu kuliko risasi. Taa ilisaidia, mchoro ndo ulibadilisha serikali.

Tena huna haja ya kwenda mbali. Kuna Sebalda Leshabari, nesi mkunga aliyefundisha chuo cha Muhimbili. 2007 yeye na wenzake walitoa utafiti uliofanywa huku kwetu kaskazini, waliwahoji manesi waliokuwa wanawashauri wamama wenye VVU jinsi ya kulisha watoto. Wakakuta manesi wenyewe wamechanganyikiwa, mafunzo hayatoshi, muda hakuna, miongozo inabadilika. Na huku kwetu Baba unajua, mama asiponyonyesha mkwe anauliza, jirani anauliza, mtaa mzima unajua kuna jambo. Na hapohapo KCMC anapotaka kusoma, tangu 2000 kuna rejista ya vizazi, mama akijifungua ndani ya siku moja hivi mkunga anakaa naye anamhoji kwa utaratibu, na kwenye hizo kumbukumbu zimetoka tafiti chungu nzima. Wakunga hao.

Mwache aende. Ila mwambie asome hesabu za takwimu asizikimbie, na ajue mshahara utakuwa wa kinesi kwa muda mrefu, hilo sikufichi.

*Anti, sista kanipa karatasi nisaini niingie kwenye utafiti wa sukari. Nikikataa watanifanyia visa kliniki? – Bibi wa Rau*

Shikamoo Bibi. Hawaruhusiwi. Utafiti lazima uwe na kibali cha kamati ya maadili, na ile karatasi ni ya ridhaa yako, ukikataa, au ukikubali leo ukajitoa kesho, dawa zako na kliniki yako viko palepale. Usisaini usichokielewa, mwambie akusomee taratibu, na kama mjukuu yupo aje asikilize. Na ukikubali, muulize na hili: majibu mtatuletea lini? Mana wengi wakishajaza hatuwaoni tena.