Mtoto wa miezi 5 katoka mistari miwili wakati PCR ya wiki 6 ilisema hana: dada, hakuna aliyekudanganya

Dada, nimeusoma uzi wako jana usiku nikashindwa kupita kimya. Unasema una VVU, unameza ARV kila siku tangu mimba, mtoto alipimwa PCR (kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe) akiwa na wiki 6 majibu yakaja hana maambukizi, sasa ana miezi 5 mtu kamchoma kidole kwa kile kipimo cha haraka ikatoka mistari miwili, na wale wa utafiti mnaohudhuria kwao nao wanataka damu tena. Unauliza nani muongo, na kama uache kunyonyesha leo leo.

Muongo hayupo. Nimefanya kazi maabara ya utafiti wa mama na mtoto miaka 11, tumepita VVU, malaria na kaswende, na swali lako ndo lile lile lililokuwa linatukalisha mpaka usiku: hii damu ya mtoto inasema habari za mtoto, au bado inasema habari za mama yake?

Iko hivi. Kipimo cha haraka hakitafuti kirusi, kinatafuta kingamwili, wale askari ambao mwili unawatengeneza ukishakutana na kirusi. Sasa mama anamgawia mtoto askari wake kupitia kondo la nyuma, hasa miezi ya mwisho ya mimba, ile aina wanayoiita IgG, na mtoto aliyetimiza miezi yake anaweza kuzaliwa nazo nyingi hata kumzidi mama mwenyewe. Ni kitu kizuri sana, ndo kinachomlinda na surua na mengine miezi ya mwanzo kabla hajachanjwa. Ila kondo halichambui, linapitisha zote na za VVU zikiwemo. Zikishaingia zinapungua taratibu, kila wiki 3 hivi inabaki nusu, watoto wengi zinakuwa zimeisha kati ya miezi 9 na 12, wengine zinakaa mpaka miezi 18. Kwa hiyo mistari miwili kwa mtoto wa miezi 5 inakwambia jambo moja tu, kwamba mama yake ana VVU, na hilo ulilijua siku nyingi. Aliyekupimia alitakiwa akueleze hivyo kabla hajamgusa mtoto, imeniuma kusoma kwamba alikuonyesha kitepe akaondoka.

PCR ni kitu kingine, yenyewe inasaka vinasaba vya kirusi chenyewe. Lakini nayo ina saa yake. Mtoto aliyeambukizwa tumboni anaweza kuonekana siku ya kuzaliwa, aliyeambukizwa wakati wa uchungu siku hiyo bado kirusi ni kidogo mno, ndo maana tunasubiri wiki 4 mpaka 6. Na akiwa ananyonya safari haijaisha, ndo maana wanarudia miezi 9, na jibu la mwisho kabisa linatoka miezi 18 au miezi 3 baada ya kuacha kunyonya, kutegemea lipi limechelewa. Kwa hiyo wakikuomba damu tena sio kwamba hawaamini jibu la kwanza. Lile lilijibu swali la mimba na kujifungua, hili linajibu swali la kunyonya.

Na kwa mkuu aliyeandika pale juu kwamba watafiti wanachota damu za watoto wakauze: nimezishika kwa mikono yangu hizo kadi tunazokaushia damu ya mtoto, naomba uone inavyokuwa. Unaupasha moto mguu wa mtoto, unachoma kisigino pembeni sio katikati, tone la kwanza unalifuta, yanayofuata unayaachia yadondoke kwenye karatasi nene yenye vijiduara vitano. Tone moja kwa kila kijiduara, basi. Kadi inalazwa ikauke kwa masaa 4 au zaidi, mbali na jua na vumbi, ndipo inaingia kwenye mfuko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

Siku moja tukapokea bahasha kutoka kituo kimoja, mtu alikuwa na haraka kazibebanisha kadi zikiwa mbichi. Nilipozitenganisha niliona duara la mtoto mmoja limejichapa nyuma ya kadi ya mwenzake, rangi ya kahawia imeiva kabisa. Ukipima hapo unaweza kumpa mtoto mzima ugonjwa wa jirani yake. Tulizikataa zote, mama wakapigiwa simu warudi, na mmoja alikuja analia toka mlangoni kwa sababu kaambiwa tu "rudi na mtoto" bila maelezo mengine, usiku kucha alijua ameshamzika. Toka siku ile sikuruhusu simu ipigwe bila kusema sababu kwenye sentensi ya kwanza.

Hili la damu ya mama kujichanganya na ya mtoto liko kila mahali, sio VVU peke yake. Kwenye malaria tulikuwa tunachukua damu ya kitovu, ile kamba inayomuunganisha mtoto na kondo, mara tu mtoto anapozaliwa, na kabla ya kutia sindano unakifuta kitovu vizuri, la sivyo damu ya mama iliyokipaka nje inaingia kwenye bomba halafu unatangaza mtoto kazaliwa na malaria kumbe vimelea ni vya mama. Na huyo mama ukimchoma kidole unaweza usikute kitu! Hapo ndo nilipoiheshimu kazi hii. Slaidi ya kidole safi, slaidi ya kondo lake imejaa vimelea na ule unga mweusi wa malaria. Mwaka 1996 watafiti Fried na Duffy walionyesha, kwa makondo ya akina mama wa magharibi mwa Kenya, kwamba chembe za damu zenye falciparum, aina moja ya vimelea vya malaria, zinajishika kwenye sukari fulani ndani ya kondo, zinajificha pale badala ya kuzunguka mwilini. Ndo maana mimba ya kwanza inaumia zaidi, mwili haujawahi kukutana na wale wanaojishika hapo, mimba zikiendelea unajifunza.

Kaswende hivyo hivyo, kingamwili za mama zinapita, kwa hiyo unapima mama na mtoto pamoja unalinganisha viwango, cha mtoto kikimzidi mama mara 4 hapo una la kusema. Chagas, ugonjwa wa vimelea wa kule Amerika ya Kusini, wanatafuta mdudu mwenyewe kwenye damu ya mtoto mchanga, wakimkosa wanasubiri za mama ziishe, miezi 8 na kuendelea, ndipo wanapima kingamwili.

Sasa fikiria bila akina mama kukubali kurudi rudi na watoto watolewe damu, tungejua nini. Mwaka 1994 utafiti wa Marekani na Ufaransa ulionyesha zidovudine, moja ya dawa za VVU, imeshusha maambukizi ya mama kwenda kwa mtoto kutoka 25.5% mpaka 8.3%. Mwaka 1999 Uganda, kidonge kimoja cha nevirapine, nayo dawa ya VVU, kwa mama akiwa na uchungu na dozi moja ya maji kwa mtoto, watoto walipofika wiki 14 mpaka 16 walioambukizwa ni 13.1%, kundi lingine la zidovudine ya muda mfupi 25.1%. Namba hizo zimetoka kwenye damu za watoto ambazo watu walitafuta kirusi chenyewe. Wangetumia kitepe cha kingamwili karibu wote wangeonekana wameambukizwa na tusingejua dawa inafanya kazi. Leo mama anayemeza ARV vizuri uwezekano wa kumwambukiza mtoto uko chini ya 5%, na bila chochote ilikuwa 15 mpaka 45%.

Ila una haki ya kuwauliza damu hii inapimwa nini, inatunzwa muda gani, majibu nitapata lini. Ukitaka kujitoa unajitoa na huduma ya kliniki inaendelea vile vile, asikutishe mtu.

Kunyonyesha usiache kwa ajili ya ile mistari miwili. Endelea na maziwa yako peke yake mpaka afikishe miezi 6, dawa usiruke hata siku moja, na wiki hii nenda kaulize wingi wako wa virusi mara ya mwisho ulikuwa ngapi na lini, kama ni muda mrefu waombe wapime tena. Mtoto arudie PCR miezi 9, akiugua ugua au akiacha kuongezeka uzito usisubiri, mpeleke mapema. Ikitokea PCR imesema anacho, dawa anaanza siku hiyo hiyo huku damu ya pili inachukuliwa kuhakikisha. Ukishapata ile namba ya virusi iandike hapa, nitaisoma na wewe.